Mwenyeji Haulizi

Nchi ya Ukarimuni haimo kwenye ramani, na ukiwaambia wenyewe hivyo watakusikitikia, kwamba masikini, umeuziwa ramani mbovu. Huko ndiko alikofika Ndekirwa, katibu wa kamati ya utalii ya kijiji cha Mteremkoni, akiwa na begi moja, kalamu mbili na barua yenye mihuri minne. Jinsi alivyofika tuiache. Alifika, akakung'uta vumbi, basi.

Alikuwa ametumwa kunakili katiba. Kwao Mteremkoni kuna maporomoko ya maji, na wageni walikuwa wameanza kuja kuyapiga picha na kuacha hela. Hela zikaleta kamati, kamati ikaleta vikao, vikao vikaleta posho, na posho zikamaliza hela. Ndipo zikafika habari za Ukarimuni, nchi yenye chemchemi ya maji moto inayocheka, ambako wananchi wanaendesha utalii wao wenyewe, wamepata vikombe saba vya utawala bora, na kwa miaka kumi na miwili hawajapokea lalamiko hata moja.

"Hata moja!" alisema mwenyekiti wa Mteremkoni, macho yamemlegea kama mtu aliyelambishwa asali. "Nenda kaninakilie hiyo katiba, Ndekirwa. Usiache hata mkato."

Chemchemi ni kweli inacheka. Maji yanachemkia chini ya mwamba uliopasuka na kutoka kwi kwi kwi, kama mtu anayejizuia msibani. Lakini kilichomshangaza Ndekirwa siku ya kwanza hakikuwa maji. Zilikuwa salamu.

"Nzuri," mtu mmoja alimwambia mwenzake njiani.

"Nzuri pia," akajibiwa.

"Wazima."

"Na hapa wazima."

Wakapishana. Ndekirwa akasimama katikati ya njia akihisi kama amechelewa nusu ya mazungumzo. Gengeni aliona mama mmoja akishika fungu la nyanya, akalitazama, akasema kwa upole, "Naona bei ipo." Muuzaji naye akasema, "Mia tano ipo." Mama akashusha pumzi. "Mia tatu nayo ingependeza kuwepo." Biashara ikaisha hivyo, pasipo *ngapi* wala *kwa nini*.

Alipangiwa kulala kwa Bi Sihaba, mpishi wa wageni, mwanamke mwenye mikono mepesi, mdomo mwepesi zaidi, na tumbo la mimba ya miezi minane lililotangulia kila mlango kabla yake. Mumewe aliitwa Mashaka, na jina hilo lilikuwa limempotelea bure, maana hakuwa na shaka na jambo lolote duniani. Ukimwambia mvua inakuja, atasema tutaona. Ukimwambia nyumba inaungua, atasema tutaona, na kweli ataona.

"Dada Sihaba, mbona hapa watu hawaulizani?" Ndekirwa alimwuliza alipokuwa akimenya ndizi.

Kisu kikasimama. Kisha Sihaba akacheka.

"Wewe uliza tu, kaka mgeni. Uliza mpaka uchoke. Wewe ni haki yako. Sisi tuna Ibara ya Kwanza."

Akamsomea kwa kichwa, kama mtoto anavyosoma jedwali la kuzidisha: *Mwenyeji anajua. Asiyejua ni mgeni. Anayeuliza hajui.*

Maana yake ilikuwa nyepesi na ya kutisha. Mwananchi yeyote atakayeuliza swali hadharani, hasa swali lenye harufu ya fedha, papo hapo anahesabiwa kuwa mgeni. Afisa Mashada anamvisha shada la maua. Anapigiwa ngoma ya kukaribishwa. Anatakiwa kulipa ada ya kiingilio, elfu kumi, na ada ya malazi kwa kila usiku atakaolala nyumbani kwake. Halafu, kwa kuwa wageni hawapigi kura, kura yake inakwenda.

"Shemeji yangu yule kule," Sihaba alisema, akinyoosha kisu kuelekea nyumba ya pili, "aliulizia hela za asali tunayowauzia wageni. Mwaka wa sita huu ni mgeni kwake mwenyewe. Asubuhi mkewe anamwamsha: karibu tena, bwana, tumefurahi umetuchagua."

Ndekirwa alicheka mpaka akapaliwa. Sihaba hakucheka. Alikuwa anatazama mawingu upande wa mto.

Huko mtoni ndiko kulikokuwa na shida yake. Zahanati ya Ukarimuni iko ng'ambo ya mto Mng'aro, na mto huo kiangazi ni wa kuvukwa na kuku, masika unachukua ng'ombe. Masika yaliyopita wifi yake alishikwa na uchungu mto umejaa. Akajifungulia ukingoni, juu ya khanga, na mtoto hakuishi mpaka maji yapungue. Sasa mawingu yalikuwa yanarudi, na Sihaba alikuwa amebakiza wiki tatu.

"Lakini nimeona kwenye kipeperushi mna daraja," Ndekirwa alisema. Akakitoa begini. Kivutio namba nne: *Daraja la Umoja, lililojengwa kwa mapato ya utalii, ambalo mgeni atalivuka huku akifurahia mandhari.*

"Daraja lipo," Sihaba alisema taratibu. "Miaka mitatu iliyopita, taarifa ilisema limeanza. Mwaka juzi, limekamilika. Mwaka jana, limekarabatiwa. Mwaka huu nasikia limepakwa rangi. Kwenye taarifa ni daraja zuri sana, kaka. Ningelivuka hata leo, tatizo miguu yangu haifiki kwenye karatasi."

Mashaka alikohoa pembeni. "Tutaona, mama," alisema.

"Wewe utaona. Mimi nitazaa."

Kesho yake Ndekirwa alimwendea Mwenyekiti wa Ukarimuni, Mheshimiwa Makubazi, akaamua kuuliza kwa niaba ya mwenyeji wake, maana yeye mgeni kuuliza hakumpunguzii kitu. Alimkuta na mweka hazina, Bi Sikujua, mama mpole mwenye kitabu cha stakabadhi kwapani hata akiwa anakunywa chai.

"Mheshimiwa, daraja litajengwa lini?"

Mheshimiwa Makubazi alifurahi kama mtu aliyeletewa jogoo. "Swali zuri sana! Bi Sikujua, mpe mgeni kipeperushi."

"Ninacho."

"Mwongeze kingine. Daraja, ndugu yangu, liko kwenye hatua. Linashughulikiwa. Sisi hapa tunakwenda na mchakato." Alilitamka hilo neno la mwisho kama mtu anayetaja jina la marehemu aliyempenda.

"Lakini lini?"

"Wageni wetu wanapenda sana kuuliza lini," Mwenyekiti alimwambia Bi Sikujua kwa huruma. "Ni uchovu wa safari."

Ndekirwa alitoka na vipeperushi viwili. Aligundua kuwa swali la mgeni linapokewa kwa tabasamu, halafu haliandikwi popote. Na mwenye haki ya kuandikiwa swali lake hana ruhusa ya kuuliza. Alitaka kuwacheka Wakarimu, ila akakumbuka kwao Mteremkoni. Kule maswali yanaruhusiwa kabisa. Yamewekwa mwisho wa ajenda, kwenye Mengineyo, muda ambao pilau limeshapakuliwa na aliyesimama kuuliza anatazamwa kama adui wa nyama.

Akarudi kunakili. Alinakili kwa siku tatu, mkono ukafa ganzi, mpaka akafika Sura ya Tano, Haki za Mgeni, sura ambayo hakuna mwenyeji aliyewahi kuisoma kwa kuwa haikumhusu. Hapo kalamu ikasimama. Alimkuta Sihaba akiosha sufuria, akamsomea akiwa amesimama.

"*Ibara ya thelathini: mgeni ataonyeshwa kila kivutio kilichotajwa kwenye kipeperushi, na atalipa ada mwisho wa matembezi, akiridhika. Ibara ya thelathini na moja: mgeni halowi miguu. Ibara ya thelathini na mbili: mgeni atahudumiwa na wenyeji, yaani watu wote wenye kura, bila kujali cheo.*"

Sihaba alifuta mikono kwenye khanga. "Rudia hiyo ya miguu."

Akarudia.

"Na hiyo ya akiridhika."

Akarudia. Sihaba alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akashika tumbo, akapiga hesabu. Akiuliza peke yake, alijua, angekuwa mgeni mmoja mwenye tumbo, na wenyeji mia nne wangemwimbia ngoma na kumtoza malazi. Nyumba ingekuwa ya Mashaka, yeye mpangaji wa usiku kwa usiku.

"Mkutano mkuu ni Jumatano," alisema mwishowe. "Na Jumatano ndiyo siku yangu ya kliniki. Basi, kaka mgeni. Nitakwenda kliniki kwa kupitia mkutanoni."

Jumatano watu walijaa mbele ya chemchemi. Mheshimiwa Makubazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mninga chenye mikono minene na mto wa ngozi, kiti kizito kilichoingizwa kwenye hesabu chini ya fungu la Miundombinu. Kisha Bi Sikujua akasimama kusoma taarifa ya fedha kwa utaratibu wa nchi hiyo, ambao Ndekirwa aliunakili neno kwa neno: mapato hupigiwa vigelegele, matumizi hupigiwa makofi, na salio husimamiwa kimya kwa dakika moja, vichwa vimeinamishwa.

Mapato yakasomwa, vigelegele vikapanda mpaka ndege wakahama. Matumizi yakasomwa, yakiwemo ya rangi ya daraja, kijani na njano, makofi. Salio likatajwa. Watu wakasimama, wakavua kofia, wakaliombolezea. Chemchemi ikasikika nyuma yao, kwi kwi kwi.

"Taarifa imepokelewa," Mwenyekiti alisema. "Tufunge."

"Mheshimiwa," alisema Sihaba.

Alikuwa amesimama peke yake katikati ya watu walioketi.

"Daraja liko wapi?"

Ndekirwa alisikia watu wakivuta pumzi. Kuna vijana pale walikuwa hawajawahi kusikia neno *wapi* likitamkwa na mtu mzima. Afisa Mashada, mzee nadhifu mwenye kikapu cha maua, akaja mbio, akamvisha shada. Ngoma ikalia. Bi Sikujua akafungua kitabu cha stakabadhi.

"Karibu Ukarimuni, mgeni wetu," alisema Mwenyekiti kwa uchungu wa kuigiza. "Tumempoteza mwenyeji mwema. Mume wake atatusaidia kumpokea. Simama, ndugu Mashaka, umwambie mgeni karibu."

Mashaka alisimama. Alimtazama mkewe, shada limelala juu ya lile tumbo kubwa. Alifungua mdomo kusema alichokuwa akisema siku zote, na Ndekirwa aliona kabisa *tutaona* ikifika mpaka kwenye meno. Haikutoka.

"Mke wangu," alisema Mashaka, "mke wangu atazalia wapi?"

Safari hii ngoma haikupata nafasi ya kulia. Wifi mtu, yule wa khanga ya ukingoni, alikuwa ameshasimama. "Rangi ya kijani na njano mlipaka nini?" Nyuma yake mtu akauliza ya asali. Mwingine akauliza kile kiti bei gani. Kisha maswali yakaja kama mvua ya mawe juu ya bati: nani, lini, wapi, ngapi, kwa idhini ya nani, mbona, hivi ninyi mnatuonaje? Maswali ya miaka kumi na miwili, mengine yameshapitwa na wakati. Bibi mmoja aliulizia mbuzi ambaye hata aliyemchinja alikwisha kufa. Kila aliyeuliza akavishwa, mpaka kikapu kikaisha, na Afisa Mashada akageukia meza kuu akiwa amechanganyikiwa:

"Mheshimiwa, mashada mengine yako wapi?"

Akajishika mdomo. Lakini neno limeshatoka. Akachuma jani la mgomba, akajivisha mwenyewe, akaenda kukaa upande wa wageni.

Kulipotulia, Ukarimuni ilikuwa na wageni mia nne na kumi, na wenyeji watatu: Mwenyekiti, Mweka Hazina, na katibu wa vikao, ambaye alisalimika kwa sababu ya kigugumizi; swali lake lilikuwa bado linakuja.

"Sasa," alisema Sihaba, "sisi wageni tunaomba matembezi. Tunaanza na kivutio namba nne."

Ukingoni mwa Mng'aro palikuwa na kibao kizuri kilichoandikwa DARAJA LA UMOJA, kijani na njano. Maji yalikuwa yameanza kupanda, rangi ya chai ya maziwa. Mheshimiwa Makubazi alikinyooshea mkono kibao.

"Ndugu wageni, kivutio chetu ndicho hicho."

"Hicho ni kibao," alisema Sihaba.

"Daraja lenyewe linashugh—"

"Kipeperushi kinasema mgeni atavuka. Ibara ya thelathini na moja inasema halowi miguu. Ya thelathini na mbili inasema nani wa kunihudumia. Na mimi saa nne nina kliniki."

Mwenyekiti aliyatazama maji. Akamtazama Bi Sikujua, na midomo yake ikaanza kujikunja kutengeneza neno. Watu wote waliona ni neno gani: *Tufanyeje?* Bi Sikujua naye aliona. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kimeshafunguka, kalamu imeshagusa karatasi. Mwenyekiti akiuliza, ni mgeni. Akiwa mgeni, kiti kina mrithi, na mrithi, Bi Sikujua mwenyewe, alikuwa amevaa miwani na anatabasamu kwa upole.

Mheshimiwa akaumeza ulimi wake. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwenyekiti si ndiye mwenye kiti? Kiletwe basi!" Kicheko kikapasuka, kiti kikaletwa juujuu na vijana wanne, kikawekwa kwenye matope. Sihaba akaketi, akapanga shada lake, akaweka kadi ya kliniki mapajani.

Mheshimiwa Makubazi akavua viatu. Akakunja suruali mara moja, akaona haitoshi, akakunja tena. Yeye akashika mbele, Bi Sikujua na katibu wakashika nyuma, wakamwinua, wakaingia mtoni. Mninga ni mti mzito. Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko watu watatu waliouchagua.

Mashaka alitembea pembeni ndani ya maji, mkono mmoja kwenye kiti. Ndekirwa alibaki ukingoni na daftari lake. Katikati ya mto maji yalimfika Mwenyekiti kifuani, mguu ukateleza, kiti kikalala upande, umati mzima ukasema *aaa*, kikanyooka. Ndipo Sihaba akainama kidogo, akauliza kwa sauti ya mgeni asiye na haraka:

"Mheshimiwa, daraja litakwisha lini?"

"Lina... liko kwenye hatua, mama..."

"Lini?"

"Mchakato—"

"Maana Ijumaa mama mkwe anafuata dawa za macho. Naye ni mnene. Na Jumatatu mimi narudi kliniki."

Maji yakapiga kiti. Kisha mwanamume yule, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kutaja tarehe mbele ya watu, akapiga kelele zilizosikika kote kote:

"Jumamosi!"

"Jumamosi ya mwaka gani?"

"Hii! Hii hii, mama, ya wiki hii! Nakuomba usitikisike!"

Ndekirwa akaiandika, akapigia mstari.

Mbao zilianza kufika Alhamisi asubuhi. Fedha zilitoka wapi, waliuliza watu mia mbili na sita kabla ya chakula cha mchana, na kila mmoja alijibiwa, wengine kwa stakabadhi za zamani ambazo Bi Sikujua alikuwa nazo nyumbani na, kama jina lake lilivyo, hakujua. Wenyeji watatu walibeba wageni mchana na kupigilia misumari jioni. Ijumaa mama mkwe alivushwa, akalalamika kwamba kiti kinayumba.

Daraja lilikamilika Jumapili. Sihaba alilivuka Jumatatu kwa miguu yake, polepole, mkono mmoja kwenye uzio na mwingine kiunoni, akakaa benchi la zahanati miguu mikavu, akasubiri zamu yake kama watu wengine. Wazee wa Ukarimuni wanasema tangu nchi yao iwepo hawajapata kuona mradi uliochelewa siku moja tu.